Titi la Mchele

Tangu nirudi kutoka Lilongwe nimekufa mara mbili na kuzaa mara moja. Kuna pia mama mmoja jirani na kisima anayeapa kwamba nilikatwa figo, nikaiuza, na ndiyo sababu nina cherehani mpya. Cherehani si mpya, niliipaka mafuta tu. Nyinyi wenzangu wa kwaya mmeniuliza kwa adabu, mmoja mmoja, mkishusha sauti kama watu waliokuja matangani, nami nikawajibu "ni habari ndefu" mpaka nikachoka kujisikia. Basi habari yenyewe ni hii, kituo kwa kituo. Mambo ya ruhusa, fomu na mihuri nimeyaruka, maana sote hapa kambini Dzaleka tumezeekea humo na hakuna wa kufundishwa. Aliyelipa ni dada yangu aliyehamishiwa ng'ambo. Hilo nalo limeisha.

Kabla ya safari: sadaka ya mavuno

Safari haikuanzia barabarani, ilianzia madhabahuni. Lakini kwanza lazima niwarudishe Uvira, kwetu Kongo, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Uvimbe uliniota kwenye titi la kulia, ukakua hadi ukawa kama embe. Daktari akautoa na kusema hauna ubaya. Ubaya ulikuwa kwamba ulipotoka, uliondoka na sehemu kubwa ya titi. La kushoto likabaki kama lilivyo, la kulia likawa kama mfuko wa sokoni mtu akisharudi nyumbani na kuumwaga.

Mimi ni mshonaji, na mshonaji halii mbele ya kitambaa kilichopungua. Nilishona kifuko cha mviringo cha pamba nyeupe, nikakitia mchele. Nilishajaribu vitambaa vikuukuu, vikapanda hadi begani. Mchele una uzito, unakaa unapokaa, na ukitembea nao unatembea nawe. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyejua isipokuwa mume wangu Josué.

Sasa mnakumbuka sadaka ya mavuno ya mwaka jana. Maboga, maharage, jogoo wawili, mihogo hadi mlangoni. Mimi nilikuwa mbele, naongoza wimbo, tukienda tukicheza kuelekea kwenye vikapu. Nikainua mikono kwenye kiitikio, na kamba ya sidiria ikakatika. Kifuko kikateremka tumboni taratibu, kikapita kiunoni, kikaangukia juu ya kiatu cha Shemasi Ezekieli.

Shemasi ni mtu mwema ambaye hajawahi kushuku kitu maishani mwake. Alikiokota, akakiminya, akachungulia kwenye mshono, na uso wake ukang'aa.

"Haleluya! Mukristo mumoya ametoa muchele! Na ameushonea kamufuko kazuri!"

Na kwa kuwa desturi yetu ni kwamba mazao ya sadaka hupigwa mnada palepale, akainua titi langu juu ya kichwa chake mbele ya kanisa zima.

"Bandugu, muangalie vile kako round! Nani anaanza?"

Mimi nilikuwa bado naimba. Nilikuwa nimeshika kifua kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeguswa na Roho, na waumini kadhaa wakaanza kulia kwa kuniona. Aliyenunua alikuwa Mama Pasta. Mnamjua: mkuu wa kina mama, mwenye jicho linalopima urefu wa sketi toka mlangoni, yule aliyehubiri kuhusu kope za kubandika hadi mabinti watatu wakazibandua ibadani. "Mungu hakukosea!" ndilo neno lake. Alikipokea kifuko, akakitia mkobani, akaketi. Jumapili hiyo yote nilikaa nyumbani nikiwaza titi langu likichemka kwenye sufuria ya mchungaji, pembeni ya ndagala, dagaa wa kwetu.

Toka siku hiyo nilihamia mstari wa nyuma, kati ya wale wanaofungua midomo tu. Mliniuliza, nikasema koo linauma. Koo halikuwa na kitu. Nilikuwa naogopa kuinua mikono. Basi nililokwenda kulitafuta Lilongwe ni hilo tu, msinitafutie lingine: kusimama mbele tena kwenye sadaka ya mavuno, nikaimba kwa mikono miwili juu.

Dzaleka hadi Lilongwe: magonjwa matatu

Josué alibaki na watoto, nami nikapewa Tantine Bea, shangazi yake, anisindikize. Tantine ana moyo mkubwa na mdomo unaolingana nao. Hawezi kukaa na mtu dakika mbili bila kujua mkwe wake anaitwa nani. Nilimwapisha.

"Tantine, hakuna mtu anapashwa kujua."

"Mi? Nitakufa nayo," akasema, akijipiga kifua. Kifua chake ni kikubwa, kiapo kilisikika vizuri.

Ulikuwa mwezi wa pili, mvua kila siku. Tulichukua kabaza mbili, baiskeli zile za kupakia watu, na kwa jinsi njia ilivyokuwa na matope, mara nyingi sisi ndio tulizisukuma huku wenyewe wakitushauri. Kijana aliyenibeba aliuliza kama naumwa. Kabla sijafungua mdomo, Tantine akapaza sauti toka nyuma, "Iko na malaria!"

Barabarani tulikaa saa tatu tukingoja matola, magari ya mizigo yanayopakia watu, maana mafuta yalikuwa haba na magari yalikuwa yamejipanga kwenye kituo cha petroli. Hatimaye pikapu ya kabichi ikatuchukua. Tulikaa juu ya kabichi pamoja na mzee mmoja Mrundi aliyevaa koti zito, akaniangalia nilivyokunja uso.

"Uyu mama anaumwa nini?"

"Jino," akasema Tantine.

Nilimkanyaga mguu. Mzee akafurahi kabisa. Akavuta begi lake, akafungua, akatoa koleo. Kumbe kazi yake ilikuwa kung'oa meno kwenye magulio.

"Fungua kinywa, mama. Hapa hapa inatoka. Gari ikitikisika njo inasaidia."

Nilifungua kinywa ili nisiwe mkorofi. Akachungulia, akagonga meno mawili kwa ncha ya koleo, akachagua moja la nyuma ambalo halijawahi kunikosea. Ilibidi niseme kwamba jino limepona palepale. Akasema huo ni uoga, akafunga begi, na hakusema nami tena hadi mjini.

Kwenye kizuizi polisi aliuliza tunakwenda wapi. "Hospitali," nikasema mimi, kwa haraka. Nilidhani nimewahi. Tantine akainama toka juu ya kabichi akaongeza, "Appendicite. Ni tumbo."

Nilipomuuliza kwa nini hasemi tu kwamba mimi ni mgonjwa, alinitazama kama mtoto asiyejua dunia.

"Mugonjwa bila jina ya ugonjwa? Bantu batafikiri ni ule mubaya. Mi nakulinda."

City Centre: kuchagua

Daktari alikuwa mwanamke wa Kimalawi, mwembamba, mpole, asiyepoteza maneno. Tuliongea Kichewa changu cha kushonea watu nguo na Kiingereza chake alichokipunguza mwendo kwa ajili yangu. Alitandika mezani mifuko ya mfano, laini, inayong'aa, midogo hadi mikubwa, ili nione kitu kitakachowekwa ndani ya titi la kulia.

Tantine hakuona vifaa vya daktari, aliona soko. Akavuta kiti, akaanza kuvipima mkononi kimoja kimoja, akivibonyeza kwa kidole gumba kama maparachichi, akivinusa. Kisha akaninong'oneza kwa sauti iliyofika hadi mapokezi.

"Twala hii kubwa."

"Tantine, na la kushoto je?"

"La kushoto litazobelea."

Daktari aliniuliza ninataka nini hasa. Wengine, alisema, huleta picha za wanawake wa kwenye simu. Mimi nilitoa futi yangu mkobani. Nikajipima la kushoto mbele yake, toka bega hadi ncha, toka ncha hadi katikati ya kifua, upana chini, nikamtajia vipimo. "Hivi," nikasema. "Si zaidi." Akacheka, halafu akaacha kucheka, akatoa futi yake na kuhakikisha. Tulikuwa tumetofautiana kidogo sana, na kosa lilikuwa langu kwa kuwa nilikuwa nimevuta pumzi.

Hakunificha kitu. Alisema havitalingana kabisa, nikamwambia najua, kiraka kipya hakifanani na nguo iliyokwisha kufuliwa. Alisema kunaweza kutoka damu, kunaweza kuingia vijidudu, titi linaweza kukakamaa, na huenda miaka ikipita mfuko ukahitaji kubadilishwa. Nije na blauzi ya vifungo mbele. Niseme kama natumia dawa za mizizi. Toka usiku wa kabla nisile kitu. Tantine aliposikia hilo la mwisho alinihurumia kwa mara ya kwanza.

Chilinde: uji ambao hatukuunywa

Tulilala Chilinde kwa Mai Chisomo, mjane wa Kimalawi ambaye niliwahi kumshonea nguo za harusi ya binti yake. Kwake mgeni asiyekula ni tusi. Jioni tulikula nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga yenye karanga, nikala vizuri kwa kujua kinachokuja. Kwa Mai Chisomo huko kulikuwa kuonja tu. Kulipokucha akaja na sufuria la uji wa karanga.

"Idyani, idyani!" Kuleni, kuleni.

Nikatikisa kichwa. Akasimama na mwiko mkononi, uso ukaanza kubadilika. Mimi nilikuwa tayari kumwambia ukweli, lakini Tantine, mlinzi wangu, akaruka.

"Aah, Mai, tuko mu maombi. Tunafunga!"

Alisema "tunafunga". Mai Chisomo ni mwanamke wa Mungu. Akaweka mwiko, akafunika sufuria, akasema nasi tusiteseke peke yetu, yeye naye atafunga. Akalirudisha sufuria jikoni. Sijawahi kuona mtu akilitazama sufuria kama Tantine alivyolitazama lile. Akapiga magoti nasi, akaomba kwa machozi ya kweli, na Mai Chisomo akaniambia pembeni kwamba yule shangazi amejaa Roho.

Area 18: chini ya kisu

Kliniki ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua msafi, ndani ya Area 18. Daktari alinisimamisha, akatoa kalamu, akaanza kuchora kifuani mistari na nukta. Hapo moyo wangu ulitulia kidogo. Fundi anayekata kabla ya kuchora simpi kitambaa changu.

Lakini nilipolala kitandani niliogopa, na sitawadanganya. Niliwaza watoto watatu. Niliwaza wenzangu waliokufa njiani tukikimbia, waliokufa wakiwa na matiti yote mawili, na mimi hapa naingia chini ya kisu kwa hiari yangu kwa sababu ya kitu ambacho vikombe viwili vya mchele viliweza. Niliona haya. Nikaanza kuteremsha mguu. Muuguzi akaniuliza kwa upole kama nimebadili nia, akasema naweza, hakuna atakayenikasirikia. Nilifikiria mstari wa nyuma. Nikaurudisha mguu.

Akaniambia nihesabu. Mimi nikaimba ule wimbo wa mavuno, na sikufika kwenye kiitikio.

Nilipoamka kinywa kilikuwa kikavu, na kifuani nilihisi kama kuna mbuzi amesimama. Tantine alikuwa ameniinamia, na pumzi yake ilinuka mandasi.

"Tantine, liko?"

Akafunua shuka kidogo, akachungulia.

"Liko. Linakuangalia."

Tulikaa Chilinde siku nane baada ya hapo. Nililala chali nimeegemezwa mito, mikono isipande juu ya bega. Tantine alinivisha, akaniosha, akanichana nywele, na sitasema neno baya juu ya mikono yake, mdomo wake tu. Mai Chisomo alipoambiwa ukweli alisema "Pepani," pole, na akamtazama Tantine kwa muda mrefu sana kuhusu ile funga.

Siku ya tatu nililia. Titi lilikuwa limevimba, la zambarau na manjano, limekaa juu karibu na shingo kama begi lililovaliwa mbele. Nilijiona mjinga aliyeharibu nguo nzuri. Daktari alipolitazama siku ya nane alisema litashuka lenyewe, nivumilie. Nikamwomba kioo, si kwa ajili ya titi, kwa ajili ya mshono. Ulikuwa mdogo, umenyooka, uzi umevutwa sawasawa mwanzo hadi mwisho. Nilimpa mkono kama fundi kwa fundi.

Akaniagiza: wiki sita nisibebe ndoo, nisifue, nisiinue mtoto. "Na mtu yeyote asikukande," akasema. "Wala maji ya moto. Ukikandwa, kazi yote inaweza kuharibika."

Niliona ni onyo la ajabu. Nani angenikanda?

Kurudi: juu ya magodoro

Safari hii bahati ilinikumbuka. Matola tuliyoipata ilikuwa imebeba magodoro ya duka moja la hapa kambini, nami nikalazwa juu yake kama bibi harusi wa kifalme. Dereva alikuwa akitangaza kila shimo kabla hajaliingia, ili nishike kifua. Mashimo yalikuwa mengi, akapoteza sauti kabla hatujafika.

Tulifika Dzaleka wakati kina mama wanatoka maombi ya Jumatano. Waliona wanaume wanne wakinishusha toka juu ya magodoro, nimevaa gauni pana, natembea nyayo kwa nyayo. Wakatuzunguka.

"Tantine Bea, Mama Neema iko na nini?"

Tantine akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikaona macho yake yanakimbia huku na huku, na baadaye alinieleza yaliyompata: malaria ilikuwa imeshafika kambini na yule wa kabaza, na yule mama wa kisimani, wa figo, alikuwa amekwisha kusikia la jino na kulikataa. Tumbo hakutaka kulirudia. Magonjwa yalikuwa yamemwishia.

"Amezaa," akasema.

Mara vigelegele.

"Na kamutoto kako wapi?"

"Mu couveuse, ile sanduku ya batoto badogo. Kule Lilongwe. Kalitangulia siku."

Nilikuwa nimesimama palepale, nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, na sikuwa na nguvu hata ya kumkanyaga.

Nyumbani: maji ya moto

Hapa sina haja ya kuwaeleza desturi, wengi wenu mlikuwepo. Mzazi akirudi, kina mama wa kanisa humwendea na uji, kuni, na maji ya moto yaliyochemshwa na majani, wamkande tumbo, mgongo na kifua hadi damu mbaya itoke na maziwa yashuke. Hakuna mwanamke anayeulizwa kama anataka. Asubuhi yake nikasikia nyimbo nje. Mlikuwa wanane, na beseni mlilibeba wawili wawili kwa zamu, na mbele alikuwa Mama Pasta.

Josué alisimama mlangoni kiume. "Bamama, amelala."

"Papa Neema, we ni mwanaume. Ondoka pale," akaambiwa, na akaondoka.

Mkaingia, mkakunja mikono ya nguo. Mtu alichovya kitambaa, mvuke ukapanda. Mama mmoja, simtaji, akasema waanze na kifua, maana maziwa yakifunga ni hatari. Mimi nilikuwa nimejibana pembeni ya kitanda nimekumbatia mto. Tantine alikuwa jikoni akiosha sahani moja kwa bidii. Niliona mkono na kile kitambaa vinakuja. Nikakumbuka kifuko juu ya kichwa cha shemasi, safari yote, mguu nilioteremsha na kuurudisha. Waswahili wamesema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha hadi nikazalishwa.

"Sikuzaa!" nikapiga kelele. "Hakuna mtoto. Musiniguse!"

Mkono ukasimama hewani. Mama Pasta akanitazama: blauzi ya vifungo, mkono nilivyoubana ubavuni, mto.

"Bamama, mutoke," akasema. "Maji muache."

Mkatoka. Akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda cha cherehani yangu, akafungua mkoba. Akatoa kifuko changu cheupe na kukiweka juu ya shuka, mapajani pangu. Hakikuwa kimefunguliwa hata uzi mmoja.

Nikakishika kwa mikono miwili.

"We njo ulishona robe ya ndoa ya binti yangu," akasema. "Mushono wako naujua. Shemasi alipokainua, nikaona vile kameshonwa kwa kuzunguka, nikajiuliza, nani anahangaika hivi juu ya muchele? Nikakuangalia. Ulikuwa umeshika kifua."

"Mama Pasta..."

"Nilikanunua juu mwengine asikapike. Nimekaa nako mwaka muzima, nangoja uniambie."

Nikalia, na kulia kulikuwa kunauma kwenye mshono. Nikamwambia yote, Uvira, uvimbe, daktari, mfuko wa ndani. Kisha nikainamisha kichwa, nikangoja mahubiri. Nikasema nikitangulia, "Najua, Mungu hakukosea."

Alisogeza kigoda karibu. Akapeleka vidole kinywani, akavuta, akatoa meno manne ya mbele yaliyoshikana, akayaweka kwenye kiganja chake karibu na kifuko changu. Uso wake ukawa wa bibi mzee nisiyemfahamu.

"Hakukoshea," akasema, upepo ukipita mahali pa meno. "Ni dentishte wa Bukavu alikoshea."

Tulicheka hadi Josué akagonga mlango kuuliza kama nakufa. Ilikuwa mara ya pili ile wiki mtu kunidhania nimekufa, baada ya wale walioniona nikishushwa kwenye magodoro.

Aliporudisha meno akarudisha na sauti yake. Akafungua mlango, akawatangazia nyote mliokuwa nje: Mama Neema hakuzaa, alipasuliwa, anapona, na sababu ni yake. Kwa wiki sita atachotewa maji na kufuliwa, kwa zamu. Mmefanya hivyo, na ndiyo maana hasa nawaandikia. Kuhusu lile beseni, Mama Pasta alisema si vizuri maji mazuri yapoe bure. Akauliza nani alileta habari ya mtoto. Mkamtoa Tantine jikoni. Mlimkanda ninyi wanane, mgongo, tumbo na kiuno, na sauti yake ilifika hadi sokoni. Anasema toka siku hiyo miguu haimuumi tena.

Sadaka ya mavuno, tena

Titi lilishuka, kama daktari alivyosema. Si sawasawa na la kushoto. Mwenye jicho la fundi ataona tofauti, na fundi ni mimi.

Mchele wa zamani ulikuwa umeingiwa na fukusi. Nilifumua kifuko, nikakifua, nikakijaza mchele mpya, nikakishona. Siku ya mavuno nilisimama mbele. Kwenye kiitikio niliinua mikono miwili, nikaishikilia juu hadi mwisho wa wimbo, na mkaniona. Kisha nikaenda nikicheza hadi kwenye kikapu, na kwa mkono wangu wa kulia nikaweka kifuko juu ya maharage.

"Haleluya!" Shemasi Ezekieli akakinyanyua. "Ule Mukristo wa mwaka jana amerudia!"

Mnada ukaanza. Nilimtazama Mama Pasta, naye akanitazama akiwa amekunja mikono, meno yote nje. Hakuinua mkono. Shemasi mwenyewe ndiye aliyenunua, akakipeleka nyumbani kwa mkewe.

Juzi mke wa shemasi alikuja kwangu. Alileta kifuko, amekifua na kukipiga pasi, akanishukuru kwa mchele, akasema ulikuwa mtamu. Nikadhani amemaliza. Lakini aligeuka, akafunga mlango, akabaki amesimama na mkono mmoja kifuani, pale pale nilipokuwa nauweka wangu.

"Mama Neema," akasema, "unaweza kunishonea kengine?"

Nikachukua futi.

"Ya kuume ao ya kushoto?"